Mikoa Mitatu, Nyumba Moja

Ndugu zangu wa Kasekese, mlioko nyumbani na mlio mbali,

Marehemu baba aliacha sanduku la bati lililojaa karatasi. Kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo matanga yalipokwisha nililipitia karatasi moja moja. Kwenye vichwa vya barua na stakabadhi nilikuta mikoa mitatu: Tabora, kisha Rukwa, mwisho Katavi. Mzee hakuwahi kuhama.

Serikali ndiyo iliyokuwa ikihama. Wilaya ya Mpanda ilikuwa chini ya Tabora hadi mwaka 1974 ulipoundwa Mkoa wa Rukwa. Mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Katavi, na mwaka 2016 tukawa Wilaya ya Tanganyika. Halmashauri za wilaya nazo zilifutwa mwaka 1972 kwa mpango wa Madaraka Mikoani, zikarudi mwaka 1984. Stakabadhi nyingi za mzee ni za kodi ya maendeleo, ile iliyofutwa mwaka 2003. Wenye umri wangu mnakumbuka wanaume walivyokuwa wakikimbilia porini wakisikia mgambo wanakuja.

Huko Norway hata manispaa ndogo ya vijijini ina ngao yake, pengine yenye samaki au mti. Vijiji vyetu havina ngao. Vina muhuri, na mimi nauheshimu zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji kilichosajiliwa ni mtu mbele ya sheria: inamiliki mali, inashtaki, inashtakiwa, na haifi mwenyekiti akifa au akishindwa uchaguzi. Wajumbe wake ni kati ya 15 na 25. Juu yao uko mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi mwenye miaka 18 ana haki ya kuuliza fedha zimekwenda wapi. (Ulizeni. Mtendaji hatakasirika, na akikasirika ulizeni tena.)

Ndiyo maana naomba jambo moja kuhusu michango ya mwaka huu. Mabati, saruji na kiwanja viandikwe kwa jina la halmashauri ya kijiji, visiandikwe kwa jina la chama chetu wala la mfadhili yeyote, na risiti zisomwe kwenye mkutano mkuu.

Na mwenye karatasi za wazee wake asizichome. Atoe nakala, aje nazo siku ya harambee. Mimi nitakuja na sanduku.