Pini ya pistoni

Pini ya pistoni ni kipande cha chuma cha pua, cha mviringo na chenye tundu katikati, kinachounganisha pistoni na konrodi katika injini ya mwako wa ndani. Mafuta yanapowaka ndani ya silinda, msukumo wote hupitia kwenye pini hii kuelekea krenki, huku konrodi ikiyumba upande huu na huu. Injini inayozunguka mara 3000 kwa dakika hugeuza mwendo wa pistoni mara 100 kila sekunde. Ndiyo maana pini huachiwa tundu ili iwe nyepesi, na uso wake hugumishwa kwa joto ilhali kiini hubaki na unyumbufu.

Baadhi ya pini hubanwa kwenye konrodi zisizunguke humo. Nyingine huelea, zikizunguka ndani ya bushi ya konrodi na ndani ya pistoni pia, na huzuiwa na klipu kila upande. Klipu ikichomoka, pini husogea na kuchuna ukuta wa silinda, hasara kubwa mno kwa kifaa kidogo hivyo. Bushi ikilika, injini hugonga kwa mlio mkali. Anayefungua injini asirudishe klipu za zamani, aweke mpya.