Bukama: bandari ya mto iliyo mlangoni kwetu

Ukinunua samaki mkavu sokoni Kabondo-Dianda na kumuuliza mama muuzaji imetoka wapi, mara nyingi atajibu tu: "Bukama." Lakini samaki ile pengine ilivuliwa mbali zaidi, Kikondja ao Mulongo, ikapandishwa na mto mpaka bandarini. Leo tunaeleza bandari hiyo ilitoka wapi, na kwa nini ingali na maana kwetu.

Kwa nini Bukama?

Mto Lualaba unatoka kusini, upande wa Kolwezi. Huko juu unapita katika mabonde membamba yenye mawe na maporomoko, kama yale ya Kalengwe, na chombo kikubwa hakipiti. Ukifika Bukama, maji yanatulia. Kutoka hapo mto unaingia bonde pana la Upemba, lenye maziwa mengi, Kisale na Upemba yakiwa kati yake, na vyombo vinaweza kushuka zaidi ya kilomita 600 mpaka Kongolo. Baada ya Kongolo mawe yanaanza tena, pale panapoitwa Milango ya Jehanamu. Basi Bukama ni mwisho wa mawe na mwanzo wa safari ya maji.

Biashara ya zamani

Tusifikiri kwamba biashara ilikuja na wazungu. Mwaka 1957 na 1958, wachimbuzi wa mambo ya kale walifungua makaburi huko Sanga, kando ya ziwa Kisale. Walikuta vyungu vizuri sana, vyuma, na vitu vya shaba. Mengi ya makaburi hayo yana umri wa miaka karibu elfu moja. Na shaba haipatikani katika bonde lile; inatoka kusini, nchi ya migodi. Maana yake wazee wetu walikuwa wakibadilishana mali na watu wa mbali, na mto ulikuwa njia yao.

Reli inafika

Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1918 ikafika Bukama. Hapo bandari ikawa mahali pa kugeuza mzigo: kutoka treni kwenda meli, na kutoka meli kwenda treni.

Njia ya kufika baharini bila kutoka Kongo ilikuwa ndefu kweli. Kutoka Bukama unapanda meli mpaka Kongolo. Kongolo mpaka Kindu, treni. Kindu mpaka Ubundu, meli tena. Ubundu mpaka Kisangani, treni. Kisangani mpaka Kinshasa, meli. Kinshasa mpaka Matadi, treni. Kila mahali mzigo unashushwa na kupakiwa upya, na kazi hiyo ilikuwa juu ya mabega ya watu.

Mwaka 1928 mambo yakageuka. Reli ilivuka Lualaba pale Bukama, ikapita Kabondo-Dianda na Kamina, ikaenda mpaka Ilebo, kwenye mto Kasai. Kwa sisi huo ulikuwa mwanzo: stesheni yetu iko juu ya njia hiyo. Kwa bandari ya Bukama ilikuwa pigo, sababu mzigo mwingi haukuhitaji tena kushuka Lualaba. Pigo la pili lilikuja 1956, reli ya Kamina mpaka Kabalo ilipokamilika. Tangu hapo treni iliweza kufika Kabalo bila kungoja meli.

Bandari leo

Hata hivyo Bukama haikufa. Vijiji vingi vya bonde havina reli wala barabara nzuri; mto njo barabara yao. Mashua za mbao zenye mota na mitumbwi hupandisha samaki, na hushusha chumvi, sabuni, nguo na dawa. Mto ukifungwa, mgonjwa wa kijijini hafiki hospitali, na huku kwetu bei ya samaki inapanda.

Matatizo yanajulikana. Mchanga unajaa mtoni. Mafunjo yanang'oka na kuelea kama visiwa, yanaziba njia, zaidi sana upande wa Kisale. Wakati wa kiangazi maji yanapungua na mashua zinakwama. Wakati wa mvua maji yanapanda na kuingia hata katika nyumba. Na kuna hatari tunayoweza kuipunguza wenyewe: kupakia mashua kupita kiasi na kusafiri usiku bila taa. Ukiona mashua imejaa mpaka maji yanakaribia ukingo, usipande. Ngoja nyingine.

Reli na mto vilijengwa vitegemeane. Treni ikichelewa, samaki inaoza Bukama. Mashua ikikwama, soko la Kabondo-Dianda linabaki tupu. Kwa hiyo mambo ya bandari ile ni mambo yetu pia. Kama una mzee nyumbani aliyefanya kazi ya reli ao ya meli, kaa naye, mwulize. Mengi hayajaandikwa.