Jembe na Nyundo ya Mfalme: Usukani wa Magari ya Zamani Karagwe na Kyerwa

Usukani wa Land Rover ya zamani ni mpana na mwembamba, na gari likiwa limesimama haugeuki mpaka dereva auinamie kwa mabega yote mawili. Chini yake hamna pampu wala mota. Kuna shafti, boksi la stelingi, fito na tairodi, na nguvu pekee inayofika kwenye magurudumu ni ya mikono ya binadamu. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na matoleo yake ya awali yalizipanda barabara za udongo za nyanda za juu kwa usukani wa namna hiyo. Leo mota ndogo ya umeme inaweza kuupunguza uzito ule. Lakini ikishafungwa, huzuka swali: je, gari la kale likiwekewa pawa stelingi bado ni lile lile? Nasema ndiyo. Na kwa Karagwe na Kyerwa, wilaya iliyozaliwa kutoka Karagwe mwaka 2012, sitafuti hoja ya kuazima ughaibuni. Naitoa katika historia ya chuma ya nchi hii.

Msafiri John Hanning Speke alifika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, na Henry Morton Stanley akafuata mwaka 1876. Maandishi yao yanataja hazina ya mfalme huyo: ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, mikuki, na vyombo vya shaba. Ufalme wa Karagwe uliufungamanisha utawala na uhunzi. Nyundo na fuawe zilikuwa alama za enzi, na Bweranyange, makao makuu ya ufalme, ni mahali ambapo wanaakiolojia wamechunguza mabaki ya kazi ya chuma. Ila chuma hicho kilikuwa na maisha ya aina mbili. Nyundo ya enzi haikufulia kitu. Thamani yake ilikuwa katika kubaki kama ilivyorithiwa, mkono kwa mkono. Jembe lilikuwa kinyume chake. Lilichimba, likalika, likarudi kwa mhunzi, likatiwa motoni, likapigwa upya au likageuzwa kuwa kifaa kidogo zaidi. Hakuna aliyemlaumu mhunzi kwamba ameharibu jembe la kale, kwa sababu jembe lisilorudi motoni huishia kuwa kutu. Jamii iliyoishi na vyuma hivi viwili ilijua kuwa kuhifadhi kuna njia mbili, na kwamba kosa ni kukichukulia kimoja kana kwamba ni kingine.

Gari liliingia nchi hii likiwa jembe. Halikuletwa kwa maonyesho. Lililetwa kufuata kahawa, bati la machimbo ya Kyerwa, wagonjwa, watumishi wa serikali na wa misheni. Njia ya kwenda Bukoba ilipita Kyaka, juu ya daraja la Mto Kagera, na majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipolibomoa daraja hilo mwanzoni mwa Novemba 1978, kila aliyetegemea magurudumu aliona jinsi nchi yake inavyoweza kukatwa na mahali pamoja tu. Vita vikafuatwa na miaka ya uhaba. Taifa halikuwa na fedha za kigeni, na vipuri viliadimika mpaka serikali iliporuhusu, mwaka 1984, watu walete bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Katika hali ile, gari lililosubiri kipuri halisi kutoka Uingereza lilisubiri hadi likaota nyasi. Lililoendelea kutembea lilitembea kwa sababu fundi alichomelea, alichonga bushi, aliongeza jani la springi, alitoa kifaa kwenye gari bovu akakifunga kwenye zima. Kwa hiyo Land Rover ya miaka 50 inayotembea leo, popote ilipo Tanzania, imeokolewa mara nyingi na mikono iliyothubutu kuibadilisha. Anayedai gari libaki kama lilivyotoka kiwandani anadai hali ambayo, kwa magari mengi, ilikwisha zamani.

Wepesi wa usukani wenyewe si jambo la jana. Mhandisi wa Marekani Francis Davis aliutengeneza usaidizi wa mafuta kwa usukani katika miaka ya 1920, lakini ulingoja hadi 1951 ndipo Chrysler ikauuza katika magari ya watu binafsi. Usaidizi wa umeme ulikuja baadaye zaidi: mwaka 1988 Suzuki iliuweka katika gari dogo la Cervo. Inafaa kutazama nani alipewa kwanza. Ulianza na mnunuzi wa gari la anasa mjini, ukafikia gari dogo la kuegeshwa katika vichochoro vya Japani, wakati mtu aliyekuwa na mzigo mzito kuliko wote, dereva wa barabara ya udongo yenye makorongo, aliendelea kukaza misuli. Sasa magari madogo ya Kijapani yaliyotumika yamejaa Afrika Mashariki, na mengi yamebeba kifaa hicho ndani ya nguzo ya usukani. Kazi yake inaeleweka. Fimbo nyembamba ya chuma hujipinda kidogo dereva anapozungusha. Sensa hupima mpindo huo. Kompyuta ndogo huamuru mota isukume upande uleule. Kikifungwa katika gari la zamani, boksi la stelingi na tairodi hubaki mahali pake; kinachotolewa ni shafti ya zamani.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wapenda asili, nami naliheshimu. Wanasema kila badiliko linafuta ushahidi: uzito wa usukani ni sehemu ya historia, na mtoto atakayeendesha gari lililolainishwa hatajua baba zake waliendeshaje. Ni kweli kuwa yapo magari machache yanayostahili kuwa nyundo ya mfalme. Gari lililobaki na vyuma vyake vyote vya asili, au lililobeba tukio la taifa, liachwe lilivyo na litunzwe chini ya paa. Lakini hata gari la kazi lina adabu yake ya kubadilishwa. Fundi mwangalifu hakati bodi pasipo lazima. Shafti ya zamani huipaka grisi, huifunga kitambaa na kuiweka stoo, ili siku moja mwingine aweze kuirudisha. Hapo ushahidi haujafutwa. Gari linatembea, na shafti ipo.

Pingamizi la pili ni la mafundi, na lina uzito zaidi: umeme ukikatika mteremkoni itakuwaje? Jibu limo katika muundo wenyewe. Shafti ya chuma, sasa ile ya kifaa kipya, bado inaunganisha mikono na magurudumu. Mota ikizima, usukani unarudia uzito wa zamani, nao dereva ataushtukia, lakini haukatiki. Hatari kubwa iko kwingine. Dainamo ya Lucas katika Land Rover nyingi za miaka ya 1960 hutoa ampea 22 tu, na mota ya usukani gari likigeuzwa palepale inaweza kuvuta ampea 30 au zaidi kwa muda mfupi. Anayefunga kifaa bila olteneta ya kutosha, waya mnene na fyuzi yake anajitafutia betri iliyokufa au moto. Isitoshe, pawa stelingi haiponyi tairodi iliyolegea. Inaficha ulegevu, kwa kuwa mkono hauhisi tena chuma kinavyocheza. Kwa hiyo boksi, boljointi na kingpini vitengenezwe kwanza, ndipo umeme ufuate. Pingamizi hili halikatazi kazi. Linafundisha utaratibu wake.

Wapo pia wasemao kuwa lami ya Kyaka hadi Bugene imelimaliza tatizo. Lami imeleta nafuu kubwa, lakini ndizi na kahawa hazioti kando ya lami. Hutoka shambani, kwenye njia ya udongo mwekundu, pale gari linapogeuzwa polepole likiwa na mzigo, na ndipo usukani huwa mzito kuliko wakati wowote. Uzito huo umekuwa ukichagua nani aendeshe. Umemweka kando mzee mwenye maumivu ya bega, umemfukuza mwanamke ambaye angeweza kulipeleka gari la familia sokoni, kisha watu wakauita uchaguzi huo uanaume. Sioni sababu ya kuuenzi. Mhunzi alipolitia jembe motoni hakuwa akiwasahau waliolishika kabla. Alikuwa akihakikisha kuwa atakayelishika msimu ujao ana kitu cha kulimia. Fundi anayefunga mota chini ya usukani wa zamani, huku shafti ya asili ikingoja stoo ndani ya kitambaa chake, anafanya kazi ileile.