Reli Moja, Biti Moja

Hapa Nkoma, Mbale, nafundisha vijana kompyuta, na somo la biti nalianzia kwenye reli. Njia ya kutoka Tororo inayopita mjini kwetu ilifika Soroti mwaka 1929. Ni ya reli moja: treni mbili zikiruhusiwa kwa pamoja kutoka pande mbili, zitakutana uso kwa uso. Ndivyo ilivyotokea Thorpe, Uingereza, mwaka 1874. Baadaye Edward Tyer akabuni mashine mbili zilizounganishwa kwa umeme, moja kila stesheni. Ukitoa kisahani cha ruhusa huku, kule hakitoki kingine. Kuuliza na kuchukua ni tendo moja.

Kompyuta zilihitaji hilohilo. Neno la kumbukumbu hubeba biti nyingi. Prosesa moja inalisoma ili iwashe biti ya 3. Nyingine inalisoma wakati uleule ili iwashe biti ya 5. Kila moja inarudisha nakala yake, na inayoandika mwisho inafuta kazi ya mwenzake. Hakuna kengele inayolia! Mwaka 1964 IBM ilitangaza System/360, yenye amri ya kupima na kuweka kwa mkupuo mmoja. Intel 80386 ya 1985 ilileta amri ya kuwasha biti, BTS, ambayo ikitanguliwa na kiambishi LOCK haigawanyiki. Kwenye 386 hiyo ndiko Linus Torvalds alikoanzia mfumo endeshi wa Linux, 1991. Leo kerneli yake, yaani kiini cha mfumo huo, ina set_bit, iliyo salama, na __set_bit, isiyo na kinga. Hiyo ya pili ina kasi zaidi. Nawasihi wanafunzi wasiiguse mpaka waweze kunionyesha nani mwingine analishika neno lile.