Majengo katika Hesabu ya Marejeo

Faharasa za marejeo ya kitaaluma zilizoasisiwa na Eugene Garfield huko Philadelphia, ile ya sayansi mwaka 1964 na ile ya sanaa na fani za utu mwaka 1978, zilisimama juu ya dhana moja sahili: andiko linalorejelewa mara nyingi ndilo lenye athari kubwa. Dhana hiyo inatosha iwapo chanzo cha maarifa nacho ni andiko. Mtaa wa Majengo, Pumwani, unadhihirisha yanayotokea chanzo kinapokuwa kauli ya mdomo.

Pumwani ilitengwa na watawala wa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makazi ya Waafrika. Wenyeji walijijengea nyumba za udongo, na miongoni mwa wenye nyumba wanawake hawakuwa haba. Janet Bujra aliandika habari zao mwaka 1975. Luise White akafuata na *The Comforts of Home* (1990), kitabu kilichotunukiwa tuzo ya Herskovits mwaka 1991. Hoja yake kuu inategemea maneno matatu: watembezi, waliotafuta wateja barabarani, malaya, waliongoja vyumbani mwao na kuuza pia chai, chakula na maji ya kuoga, na wazi-wazi, walioketi mlangoni na kutaja bei kwa sauti.

Maneno hayo hayakubuniwa na mwanahistoria. Ni uainishaji wa wanawake wenyewe, ambao White aliwahoji katika miaka ya 1970 wakiwa wazee, nao umebeba maadili yao. Katika kauli zao malaya ni mtu mwenye heshima, asiyewaaibisha majirani. Katika matumizi ya kila siku neno hilohilo ni tusi. Mhakiki wa fasihi simulizi hana budi kuiona hapa kazi ya ufasiri, wala si malighafi tu.

Sasa itazamwe njia ya marejeo. White anawataja wasimulizi wake katika tanbihi. Msomi wa pili hurejelea ukurasa wa White, na wa tatu humrejelea wa pili. Kila hatua humwongezea mwandishi hesabu na kumsogeza msimulizi mbali zaidi. Lawama si ya White, ambaye tanbihi zake zimesheheni mahojiano. Kasoro imo katika kipimo chenyewe, na kipimo hicho si mchezo: kielezo cha h, alichopendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005, kimetumika kwingi kuamua nani apandishwe cheo.

Utafiti wa tiba uliofanywa Majengo tangu miaka ya 1980 una sura nyingine ya tatizo hilohilo. Makala ya mwaka 1996 katika *The Lancet*, kuhusu wanawake wachache waliokabiliwa na virusi vya UKIMWI mara nyingi bila kuambukizwa, yana orodha ya waandishi. Wanawake wamo katika majedwali. Elizabeth Ngugi, muuguzi na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa makala katika jarida hilo mwaka 1988 kuhusu elimu ya afya na matumizi ya kondomu miongoni mwa wanawake hao. Makala hayo yanahesabika. Mazungumzo ya wanawake wenyewe kwa wenyewe, ambamo elimu hiyo ilipokewa na kupitishwa kutoka chumba hadi chumba, hayana faharasa.