Miji Midogo ya Njia ya Misafara: Kutoka Bagamoyo Mpaka Ujiji

Katika mazungumzo haya twataka kusafiri pamoja kwa njia moja ya kale, ile iliyoanzia Bagamoyo pwani na kukoma Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Urefu wake ni zaidi ya kilometa 1,200. Mwenye motokaa leo huumaliza mwendo huo kwa siku chache. Lakini Burton na Speke, waliotoka pwani mwezi wa Juni 1857, waliliona ziwa mwezi wa Februari 1858.

Yafaa kwanza tujiulize: vituo vya njia hiyo vilichaguliwa na nani? Si na wageni ambao majina yao yamejaa vitabuni, bali na miguu ya wapagazi. Mpagazi alichukua mzigo wa yapata frasila mbili, karibu kilo 32, na mwenye mzigo kama huo hulala penye maji na chakula. Mahali pa namna hiyo palipata soko, na soko likazaa mji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Lakini njia ile ile ilipitisha na watumwa waliofungwa minyororo. Msafiri asiwachanganye watu hawa wawili, wala asimsahau hata mmoja wao.

Tuanze Bagamoyo. Watu husema jina hilo latokana na maneno "bwaga moyo". Wengine hulieleza kwa raha ya mpagazi aliyetua mzigo wake, wengine kwa uchungu wa mtumwa aliyeiacha nchi yake. Karibu na mji ni magofu ya Kaole, yenye msikiti na makaburi ya kale kuliko misafara. Iko pia misheni iliyojengwa mwaka 1868. Hapo ndipo ulipofikishwa mwili wa Livingstone mwezi wa Februari 1874. Susi, Chuma na wenzao waliuchukua kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mwendo wa miezi mingi, na hakuna mkubwa aliyewaamuru. Kazi hiyo peke yake yatosha kumsimamisha msafiri hapo.

Kutoka pwani twapita chini ya milima ya Uluguru, kisha twaiacha barabara kuu na kuingia Mpwapwa. Mji huu umezungukwa na vilima, na misafara iliupenda kwa maji yake. Hapa wapagazi walipumzika na kununua chakula, kwani mbele yao ilikuwako nyika ya Marenga Mkali, yaani maji machungu, ambako hawakutumaini kupata maji mema. Baada ya nyika hiyo ilikuja Ugogo, ambako watemi walitoza hongo ya nguo na shanga. Wasafiri wa Kizungu waliinung'unikia sana hongo hiyo. Lakini katika nchi kavu, kisima ni jasho la waliokichimba, na mgeni mwenye watu mamia aliweza kukikausha kwa siku moja.

Mbele zaidi, karibu na Manyoni, iko Kilimatinde. Mji umekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na asimamaye hapo huiona mbuga pana ikienea chini yake. Wajerumani walijenga boma hapa. Lakini reli yao, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, haikupita mjini. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na biashara ikaifuata. Manyoni ikakua, Kilimatinde ikanyamaza. Bagamoyo nayo ilikuwa imekwisha kupoteza cheo chake mwaka 1891, Wajerumani walipohamishia makao makuu yao Dar es Salaam kwa sababu ya bandari yake nzuri.

Tabora ni mji mkubwa, lakini tusiache kufika Kwihara, kijiji kilicho jirani. Iko nyumba ya tembe iliyohifadhiwa, ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Mwaka uliotangulia, vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimeifunga njia, hata Stanley akalazimika kuzunguka kwa kusini.

Twakoma Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Liko jiwe la ukumbusho chini ya miembe. Ujiji nayo ilipitwa na Kigoma, jirani yake, kwa kuwa huko ndiko reli ilikokoma.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hii katika orodha ya awali ya UNESCO ya urithi wa dunia, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mingi kati ya hivyo ni vijiji na miji midogo ambayo motokaa hupita mbali nayo. Basi mkipata safari, msiharakie miji mikubwa tu. Geukeni kando, mkawaulize wazee kilipokuwa kisima cha kale na mahali misafara ilipolala. Mawe ya ukumbusho yamewataja wageni wachache. Majina ya maelfu waliobeba mizigo hayakuandikwa popote, na kama yako yanayokumbukwa, yamo vinywani mwa wazee hao.