Kamera ya Miali ya Gama na Ila ya Fuwele

Tabibu atakaye kujua hali ya kiungo pasipo kumpasua mgonjwa humtia dawa yenye mnururisho, kisha huvizia miali ya gama itokayo mwilini, impe habari ya mahali dawa ilipotua. Lakini miali hiyo haipindwi na kioo kama nuru ya jua. Itafanywaje picha?

Mwaka 1951 Benedict Cassen wa Los Angeles alijibu kwa chombo kilichopita juu ya tezi ya shingo mstari kwa mstari, kwa mwendo wa polepole. Mwaka 1958 Hal Anger wa Berkeley alieleza kamera iliyotazama eneo zima kwa mara moja. Mwali ulipopiga fuwele ya iodidi ya sodiamu ulizaa cheche ya nuru, na mirija ya umeme nyuma yake ikapima cheche hiyo na kukisia mahali ilipotokea. Hospitali za dunia ziliupokea ufundi huo. Hata hivyo mwali uligeuzwa nuru, na nuru ikageuzwa umeme. Na habari ipitayo midomo miwili hupungua. Kwa miali ya teknetiamu, yenye kilo-elektronivolti 140, kipimo cha nguvu kilitawanyika kwa kadiri ya asilimia 10. Hivyo mwali uliopotoka njiani uliweza kupokewa kama mnyofu, picha ikafifia.

Semikondakta hugeuza mwali kuwa umeme moja kwa moja. Germani hupima kwa usahihi mkubwa, ila sharti ipozwe sana, aghalabu kwa naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Fuwele ya kadimi, zinki na teluri hufanya kazi katika joto la chumba, lakini nayo ina ila yake: elektroni hukimbia, na matundu ziliyoyaacha hujikokota na kunaswa njiani. Kwa hiyo miali iliyo sawa huonekana tofauti kwa kufuata kina ilipotua.

Mwaka 1995 Barrett, Eskin na Barber wa Arizona walieleza dawa ya ila hiyo. Uso mmoja wa fuwele ugawanywe vijiraba vyembamba kuliko unene wake. Hapo karibu ishara yote hutokana na elektroni zikaribiapo kijiraba, na uzito wa matundu huwa haba. Ila haikuondolewa, ilinyimwa nguvu ya kudhuru. Hata hivyo kijiraba kikiwa kidogo mno, chaji ya mwali mmoja hugawanyika kwa majirani, na msanifu hana budi kuchagua kiasi.

Karibu na mwaka 2010 kamera za moyo za namna hiyo zilikwisha kuingia hospitalini, zikichukua picha kwa dakika chache. Sifa hiyo si ya fuwele peke yake. Chujio la kawaida la risasi hupitisha takriban mwali mmoja katika elfu kumi. Wepesi mwingi ulitokana na kuzielekeza fuwele na vichujio vyake kwenye moyo kutoka pande kadha. Kila mwali uliookolewa ulipunguza ama muda wa mgonjwa kulala kimya, ama kiasi cha mnururisho aliotiwa mwilini. Na hiyo ndiyo mizani ya haki ya kupimia ufundi huu.